Bolti ya Tisa

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hadithi yangu ya leo haina mto. Ina damu, ina moto, na mwisho wake nitauacha mikononi mwenu. Mkishindwa kuamua msinilaumu. Waliokuwepo wenyewe walishindwa.

Palikuwa na gereji pale Igunguli, senta ndogo ya wafuga nyuki na walima tumbaku, kando ya msitu. Mwenye gereji alikuwa Mzee Mihayo, na chini yake walikuwepo mafundi watatu.

Wa kwanza ni Kalunde, mwanamke pekee kati yao, na kipaji chake kilikuwa jicho. Alikuwa akisimamisha bolti juu ya kipande cha kioo, anainama mpaka shavu linagusa kioo, kisha anakwambia ipi imerefuka kuliko wenzake, hata kama ni kwa unene wa ukucha tu. Mara nyingi wenzake walimbishia, wakaenda kupima, wakarudi kimya.

Wa pili ni Shigela, na kipaji chake kilikuwa mkono. Alikuwa akikaza nati huku anaangalia pembeni na kuzungumza habari za mvua, na mkono wake ukishasimama, umesimama. Ukija kupima unakuta ni palepale panapotakiwa, si zaidi, si pungufu.

Wa tatu ni Lugendo, dereva wa lori la gereji, na kipaji chake kilikuwa moyo. Ufundi wake, Mungu anisamehe, ulikuwa wa kubabaisha. Akifunga kitu lazima kibaki kipuri kimoja mkononi. Lakini hakuna mtu Igunguli aliyewahi kumwona Lugendo akirudi nyuma.

Sasa shikeni mambo mawili, maana yatatufaa mbele. La kwanza, gereji ilikuwa na spana moja ya kupimia mkazo, ile mafundi wanayoiita torki, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mzee Mihayo aliirithi kwa fundi aliyemfundisha, na alikuwa akisema atakayekabidhiwa ndiye mkuu wa gereji. La pili, pale palikuwa na desturi: fundi aliyefunga hedi ya injini, kile kifuniko chake cha juu, anapanda safari ya kwanza, anakaa mbele. "Kama huiamini kazi yako," Mzee alikuwa akisema, "usimpakie mama wa mtu."

Desturi hiyo ndiyo iliyompa Shigela mguu mfupi. Miaka sita nyuma alifunga hedi ya lori la watu kwa bolti zilezile za zamani. Lori likapanda mlima wa Kasela, bolti zikaachia, nguvu ikaisha, likarudi kinyumenyume hadi korongoni. Shigela alitoka amevunjika mguu. Aliyekuwa akiendesha alikuwa kaka yake Kalunde, tumbo moja, na yeye hakutoka. Tangu siku hiyo Kalunde na Shigela walifanya kazi chini ya paa moja bila kusemeshana zaidi ya lazima. Kalunde hakuwahi tena kumwita kaka.

Basi ikawa gasketi ya hedi ya lori la Mzee Mihayo, ile pedi inayoziba chini yake, imeungua. Hedi ikavuliwa, bolti kumi na nne zikachomekwa kwenye katoni kwa mpangilio wake, kila moja na namba yake. Wakaagiza vipuri mjini. Gasketi mpya ikaja. Bolti hazikuja.

"Turudishie hizi," Shigela akasema. "Chuma si nyama, hakiozi."

"Bolti ya hedi ikishavutwa ni sawa na lastiki ya suruali iliyolegea," Kalunde akamjibu. "Utaivaa, lakini usije ukacheza ngoma."

"Nimerudishia bolti miaka ishirini."

"Najua. Kaka yangu nilimzika."

Mzee Mihayo akasema wangoje bolti mpya, na wakangoja. Siku nne.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, siku ya mnada. Jua likiwa utosini, watu kumi na wawili walitoka msituni na bunduki na mapanga. Hawakusalimia. Mgambo aliyekuwa kwenye lango la mnada alipigwa risasi ya shingo akiwa bado anauliza wao ni nani, na mchinjaji aliyeinua kisu alikatwa mkono uliokishika. Walianza na maduka ya chini, wakivunja, wakipakia kwenye pikipiki zao, kisha wakiwasha moto nyuma yao. Aliyekimbia kuelekea barabarani alipigwa risasi. Aliyejificha dukani aliungua nalo.

Waliowahi walikimbilia gereji, kwa sababu ilikuwa na ukuta wa mawe na geti la chuma. Ukiwahesabu pamoja na mafundi na Mzee mwenyewe, walikuwa watu thelathini na watatu. Mzee Mihayo alibaki nje kidogo akimvuta kwa mkono Mama Nyamizi, muuza asali, na mumewe Kapela. Wote watatu waliingia, lakini Mzee aliingia na risasi ya tumbo. Kalunde akafunga komeo, na alipogeuka akakuta mzee ameketi chini ameegemea tairi, kikoi chake chekundu tupu.

Sauti ikaja kutoka nje, wala haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya mtu anayeagiza chai. "Kaeni humohumo. Tukimaliza ghala la tumbaku tunakuja na petroli."

Ghala la tumbaku lilikuwa kubwa. Walikuwa na saa moja na nusu, labda mbili.

"Lori," Mzee Mihayo akasema. "Lifungeni. Kalunde, chagua. Shigela, kaza. Lugendo, utatutoa."

Kalunde akapiga magoti mbele ya kioo. Akasimamisha bolti ya kwanza, ikafaa. Ya pili, ikafaa. Ya tatu ilikuwa imerefuka, na shingo yake imekonda. Akaiweka pembeni. Ya nane pia. Na ya kumi na moja. Wakati huo moshi wa maduka ulikuwa umeshaingia ndani, watu wanakohoa, na nje mwanamke analia jina la mtu mmoja tu, analirudia. Kalunde akairudia ya tisa mara mbili, akapangusa macho, akaitazama tena. Akaona inafaa. Akaipeleka upande wa zile nzima.

"Kumi na moja zinafaa," akasema. "Tatu zimekufa."

"Ziweke hivyohivyo," Shigela akasema. "Hatuendi Dar es Salaam. Tunavuka Kasela tu."

"Kasela ndiyo iliyomuua kaka yangu."

"Dada, funga," watu wakamsihi. "Funga tutakufa hapa."

Alihisi mikono yao mabegani mwake, akajua wakizidi kidogo watazichukua wenyewe. Basi akazikusanya zile tatu na kuzirusha juu ya ukuta, nje, zikalia barabarani. Mtu mmoja akampiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Kalunde akatema damu.

"Sasa hatuna la kubishana," akasema. "Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga. Injini yake ni sawasawa na hii, na bolti zake niliziweka mpya miezi miwili iliyopita. Hazijavutwa mara ya pili. Nahitaji tatu."

Hakuna aliyeuliza nani ataenda. Lugendo alikuwa ameshavua viatu. Akaangaza macho kutafuta chuma kirefu, akaikuta ile torki ya Mzee, akaibeba pamoja na soketi yake, akaruka ukuta wa nyuma.

Geti lilikuwa na tundu la risasi, na Kalunde akaweka jicho pale. Akamwona Lugendo akitambaa hadi mlango wa mashine na kupotea ndani. Mafundi mnajua: kufungulia bolti kwa torki ni dhambi, ile ni spana ya kupimia, haikutengenezwa kwa ubabe. Lugendo alifungulia kwa torki. Kalunde alisikia chuma kikilia mara moja, kikalia mara ya pili, na akajua zimetoka mbili. Kisha akaona wezi wawili wakivuka barabara kuelekea palepale. Hakuweza kupiga kelele. Angepiga, wangegeuka wote.

Yaliyotokea ndani Lugendo alikuja kuyasimulia baadaye kwa maneno machache. Wa kwanza aliingia bunduki mbele. Lugendo alikuwa nyuma ya pipa la pumba, akaipiga ile bunduki ikaanguka, akarudisha pigo kichwani, na mtu yule hakuamka tena. Wa pili alikuwa na panga. Panga lilishuka, Lugendo akakinga kwa mkono wa kushoto, vidole vitatu vikabaki sakafuni kwenye unga. Akampiga yule mtu goti, alipoanguka akampiga kifua, akaendelea kumpiga hata baada ya kuona kwamba hapigi tena mtu bali nyama. Anasema hapo ndipo alipojiogopa. Kisha akarudi kwenye injini, akafungua bolti ya tatu kwa mkono mmoja.

Aliporuka ukuta kurudi alikuwa amezibana bolti tatu kwa meno. Mkono wa kushoto ulikuwa unamwaga damu kama bomba bovu. Na torki mkononi ilikuwa imepinda kama mundu.

"Samahani, Mzee," akasema, akiilaza miguuni pa Mihayo.

Mzee akaitazama spana yake. Akaivuta mapajani na kuikumbatia.

Hapo sasa ndipo kazi ilipomwangukia Shigela. Hedi ya injini haikazwi kama bomba la maji. Unaanzia katikati unakwenda pembeni, mizunguko mitatu, na kila bolti inapewa nguvu sawa na mwenzake. Ukipunguza, gasketi inaungua. Ukizidisha, bolti inavutika hadi inakatika. Torki ndiyo inayokwambia, na torki haikuwepo tena. Shigela akachukua spana ya kawaida, akachomeka bomba kwenye mpini wake, akafumba macho.

Mzunguko wa kwanza ulipita kimya. Mzunguko wa pili walikuwa wameshafika getini. Walikuwa wamewakuta wenzao wawili kwenye unga, na sauti ile haikuwa tena ya kuagiza chai. Wakaanza kuligonga geti kwa pikipiki, na watu kumi wakaliegemea kwa migongo. Risasi zilipenya, mtu wa kwanza akaanguka akishika paja, mwingine akachukua nafasi yake. Mkono ukaingia kwenye upenyo kutafuta komeo. Kalunde akauona. Akachukua mtaimbo akaupigilia mkono ule kwenye nguzo, na yule mtu akalia kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Hakuuachia mtaimbo mpaka mkono ulipochomoka wenyewe.

Shigela alikuwa kwenye mzunguko wa tatu, juu ya bolti ya tisa, risasi ilipomwingia bega la kulia. Mwili wote ukaruka, na bomba likaruka nao. Akalala juu ya injini akihema. Kisha akahamishia spana mkono wa kushoto, akamaliza ya kumi, ya kumi na moja, hadi ya kumi na nne.

"Imekubali?" Kalunde akamuuliza.

"Zimekubali zote," Shigela akasema. "Ile ya tisa sijui. Mkono haukunijibu."

Hawakuwa na nafasi ya kujua. Wakamwaga maji ya kunywa kwenye rejeta, wakawapakia majeruhi. Lugendo akapanda kwenye usukani amefungwa kitambaa mkononi. Shigela akapanda mbele, desturi ni desturi. Kalunde naye akapanda mbele, kwa sababu alijua nusu ya ile hedi ni kazi yake. Injini ikakohoa, ikakataa, ikawaka. Lugendo hakungoja geti lifunguliwe. Watu walikuwa wameshatoka njiani, na waliokuwa upande wa pili hawakujua. Lori lilipita juu ya geti na juu ya watatu waliokuwa nyuma yake, na waliokuwa ndani ya bodi walihisi jinsi lilivyoruka.

Hadi chini ya Kasela injini iliimba vizuri. Kalunde aliisikiliza huku amekaza ngumi. Katikati ya mlima akasikia kitu kikikatika, sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti. Kisha mvuke. Kisha nguvu ikaanza kupungua, na lori likawa linapanda kwa mwendo wa mtu anayetoka kisimani na ndoo. Shigela akamtazama, naye akamtazama Shigela. Wote wawili walikuwa wameshawahi kufika kwenye mlima huu, kila mmoja kwa njia yake.

Pikipiki mbili zilitokea nyuma. Watu wakazirushia walichonacho, mawe, jeki, debe la grisi. Kalunde akatokeza dirishani, na pikipiki ya kwanza ilipofika ubavuni akamkata yule mwendeshaji kwa sepetu iliyokuwa chini ya kiti, kofia na kichwa, akaiona pikipiki ikienda korongoni bila mtu. Ya pili ilibaki nyuma, na aliyepakiwa akapiga risasi mbili ndani ya bodi. Moja ilimpata Mama Nyamizi kifuani, akamlalia mumewe Kapela, na Kapela alidhani amejificha. Mpaka walipofika kileleni alikuwa bado anamwambia asiogope.

Lori lilishuka upande wa pili kwa uzito wake tu, hadi mbele ya kituo cha polisi. Injini ikazima, haikuwaka tena. Thelathini na wawili walishuka wakiwa hai.

Mzee Mihayo aliishi mpaka jua linazama. Aliwaita mafundi wake na mkewe, Bibi Ngolo. "Spana apewe aliyetutoa," akasema. "Mmoja. Gereji haina vichwa vitatu." Wakangoja jina. Jina halikuja.

Siku ya arobaini watu wakakusanyika pale gereji. Torki iliyopinda ilikuwa mezani, juu ya katoni ya bolti. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wako waliosema Kalunde, kwani kama zile tatu mbovu zingefungwa, lori lisingefika hata chini ya mlima. Wako waliosema Lugendo, kwani jicho bila bolti ni jicho tu, na nani mwingine aliacha vidole? Wako waliosema Shigela, kwani bolti mezani hazifungi injini, na alikaza akiwa na risasi mwilini.

Nisiwafiche, Kalunde aliitaka ile spana. Aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu azaliwe. Na kwenye mfuko wa koti lake palikuwa na kitu ambacho hakuna aliyekijua. Siku mbili kabla aliifungua ile injini peke yake. Bolti tatu za mashine zilikuwa nzima. Za zamani kumi zilikuwa nzima. Moja ilikuwa imekatika shingoni.

Kapela, mume wa marehemu, akasimama. "Mimi sina mtu ninayemtetea," akasema. "Niko hai kwa sababu yenu. Nataka tu niambiwe, kwa nini lori lilichoka mlimani?"

Kalunde angeweza kunyamaza. Akaingiza mkono mfukoni, akakiweka mezani kile kipande.

"Ni ya tisa," akasema. "Niliipima mara mbili. Ni mimi niliyesema inafaa."

Shigela akainuka kwa fimbo. "Mimi ndiye niliyeikaza. Risasi ilinikuta juu yake. Inawezekana ilikuwa nzima, nikaizidisha."

"Kaka Shigela, usinibebee," Kalunde akasema, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia alivyomwita.

"Sikubebei. Nasema ninachokijua."

Lugendo akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Torki ingekuwa nzima, asingekaza kwa kubahatisha. Nani aliipinda?"

Kapela akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza. Bolti iliyokatika haisemi kama ilikatika kwa uzee au kwa kuvutwa kupita kiasi, hasa ikishapikwa na injini. Kalunde mwenyewe, na jicho lake lile, hakuweza kuijua.

Bibi Ngolo akaichukua torki mezani, akaiweka mikononi mwa Kapela. "Wewe umepata na umepoteza kwenye lori lilelile," akasema. "Wengine wote hapa wanapendelea. Mume wangu alisema mmoja. Mpe."

Kapela akasimama mbele ya wale watatu, spana iliyopinda mkono mmoja, bolti ya tisa mkono wa pili. Lugendo aliangalia vidole vyake viwili vilivyobaki mkono wa kushoto. Shigela aliangalia chini. Kalunde akaona mikono yake mwenyewe imeshanyooka kabla hajaiamrisha, akairudisha nyuma ya mgongo.

Mimi naishia hapa, kwa sababu hapa ndipo Kapela alipo mpaka leo, amesimama. Aliyezitupa mbovu akaipitisha moja, aliyezileta nzima akaivunja torki, na aliyezifunga zote hajui mkono wake ulifanya nini juu ya ile ya tisa. Bila mmoja wao wangekufa wote. Kwa sababu ya mmoja wao, au wote, alikufa Mama Nyamizi.

Haya, wewe uliyekaa hapo unatikisa kichwa kama mjuzi. Simama mahali pa Kapela. Mke wako yuko kaburini, na uhai wako umepewa na hawa. Spana hiyo utaikabidhi mkononi mwa nani? Na ile bolti, je, utampa mtu huyohuyo?